Upande wa Kushoto wa Albertine

14 Novemba 1961

Mvua ya kwanza ya maana. Naandika katika daftari langu la shule ya uuguzi, kwa sababu madukani karatasi hakuna, na hili lilibaki nusu nyeupe. Somo la mwisho nililoandika humu ni ubongo, mwaka 1938. Ubongo ulinishinda mtihani mara mbili. Mara ya tatu mwalimu alikuwa anawahi chakula, akanipitisha. Ndiyo maana Katuba nzima, mtaa wetu, inajua: Paulin ni infirmier, muuguzi, wa tumbo na vidonda, kuanzia shingo kwenda juu, muulize mwingine.

Kurasa nyingine hazipo. Zamani mke wangu Albertine alizichana kufungia samaki wake sokoni. Nilipogomba alijibu, "Baba Clotilde, walau sasa zinafanya kazi."

15 Novemba

Mvua.

17 Novemba

Mwansa amekuja kutoka Kasenga na magunia ya samaki wakavu. Ndiye anayemuuzia mke wangu kwa jumla. Mwanamke mkubwa, sauti kubwa, harufu kubwa. Aliketi kwenye kiti changu, akanitazama nikifunga dirisha la upande ule na kufungua la huku.

"Tata Paulin, unatafuta nini?"

"Hewa, mama."

"Hewa! Na hii bukari unakulaka, inateremuka na nini? Na hewa?"

Binti yetu Clotilde alicheka mpaka akamwaga maji. Ana miaka kumi na miwili na tayari anajua upande wenye nguvu ni upi. Mwansa alipoondoka nilimwambia Albertine kwamba yule mama biashara yake iishie sokoni. Nyumbani kwangu sitaki kumwona tena. Albertine alichukua fungu la samaki zuri kuliko yote, akalitundika kwenye msumari ukutani, juu ya kitanda chetu. Panya hawafiki pale, alisema. Najua sana kwamba si panya aliowakusudia.

23 Novemba

Majirani zetu watu wa Kasai wanazidi kuhamia kambi ya ONU, Umoja wa Mataifa, nje ya mji. Godoro kichwani, mtoto mgongoni. Wanasema huku majandarme, askari wa Katanga, wanachukua watu kwa majina yao. Sisi pia ni wa Kasai, ingawa mimi Kasai naijua kwa hadithi tu. Nilizaliwa hapa hapa Lubumbashi. Nimeamua tubaki. Nani atamkamata mtu aliyempiga sindano ya makalio?

Kasimu, jirani yangu, ananiunga mkono. Ni fundi cherehani, wazazi wake walitoka Maniema, na anashona kwa mkono wa kushoto. Hata chai anakupa kwa kushoto, asipojikumbuka. Miaka kumi na moja sasa namtania: siku ya kiama malaika watamrudisha mlangoni aingie upya kwa mkono wa adabu.

"Na wewe watakurudisha darasani," anajibu. "Sehemu ya ubongo."

30 Novemba

Mvua. Bati linavuja, bado tone moja tu.

4 Desemba

Kesho naingia zamu dispansari. Albertine hataki niende. Anasema kichwa kinamuuma upande mmoja tangu juzi. Nimempa aspirini mbili na mzaha mmoja.

9 Desemba

Nianzie wapi.

Tarehe tano vita vilianza, majandarme na askari wa ONU. Risasi kwanza, kisha mabomu, upande wa barabara ya Luano na kisha kila upande. Majeruhi waliletwa kwa mikokoteni, kwa baiskeli, kwa mlango uliong'olewa. Tulikuwa wauguzi watatu. Barabara ya kurudi Katuba ilifungwa. Siku tatu sikutoka, na sitajisifu kuwa nilikuwa shujaa; nilikuwa mtu asiye na pa kupita.

Jana asubuhi nilipita mitaroni, mwenye tumbo hili, nikafika nyumbani. Mlango ulikuwa wazi. Albertine alikuwa sakafuni kati ya jiko na kitanda, macho wazi, mdomo umeenda upande. Amida, mke wa Kasimu, alikuwa amepiga magoti akimfuta uso.

"Nimemukuta vile, baba Clotilde. Sijue tangu saa ngapi. Ile mabomu, hatukutoka."

"Clotilde iko wapi?"

Amida alikamua kitambaa.

"Amida. Mutoto iko wapi?"

"Jana nilimuona ku dirisha anatoka na kifurushi. Bantu balikuwa wengi ku njia, bote banaenda upande wa kambi. Mi nikafikiri mama yake njo amemutuma."

Mimi na Amida tulimwinua Albertine, tukamlaza kitandani. Nikamshika mkono wa kuume. Ulikuwa kama mkono ulioazimwa. Mguu vilevile. Nikamuuliza: Clotilde umemtuma wapi? Kwa nani? Kinywa kikafanya kazi kama cha mtu anayetafuna, ikatoka, "Ta. Ta. Ta."

Anajua mtoto wetu alipo. Ni yeye peke yake anayejua.

10 Desemba

Hospitali hawampokei. Wamejaa majeruhi, na yule wa mlangoni aliuliza jina lake kamili kwa namna ambayo ilinifanya nigeuze mkokoteni.

Nimefungua kurasa za 1938. Nimecheka peke yangu kwa machozi: mchoro wangu wa ubongo unafanana na koliflawa iliyokanyagwa.

Nimeandika hivi wakati ule: Ubongo mkubwa una nusu mbili. Nusu ya kushoto hutawala upande wa kuume wa mwili, na nusu ya kuume hutawala upande wa kushoto. Mbele, nyuma ya paji, mtu hupanga na kuamua. Katikati, ukanda kama kamba ya kofia, huamuru viungo visogee. Pembeni, juu ya sikio, kusikia na kukumbuka. Kwenye nusu ya kushoto, mbele ya sikio, maneno hutengenezwa. Nyuma, kisogoni, kuona. Chini ya kisogo, ubongo mdogo, wenye kuweka usawa. Chini kabisa, shina: pumzi na mapigo ya moyo.

Na chini yake, kwa wino mwekundu: "Kuona: tazama ukurasa unaofuata." Ukurasa unaofuata haupo. Uliondoka sokoni na samaki wa mtu.

11 Desemba

Leo nimempitia Albertine sehemu kwa sehemu, kama mtu anayekagua nyumba baada ya wezi. Pumzi: nzuri. Shina limesimama. Nilimwambia funga macho, akafunga. Nilimwambia inua mkono wa kushoto, akainua. Basi anasikia na anaelewa. Mkono wa kuume, mguu wa kuume: vimeenda. Maneno: yameenda. Kwa hiyo mwizi aliingia nusu ya kushoto.

Kukumbuka je? Nilishusha picha ya Clotilde ya komunyo ya kwanza, nikaketi ubavuni pake, nikaishika mbele ya mkono wake wa kuume, kama inavyopasa kumpa mtu kitu. Hakuitazama. Aligeuza uso ukutani.

Nikasema, "Mama Clotilde, ni mutoto wetu."

Ukutani.

12 Desemba

Picha. Ukutani.

14 Desemba

Vita bado. Natoka asubuhi risasi zikipumzika, nakwenda kambini. Watu maelfu kwa maelfu, vibanda vya majani na maturubai, matope hadi kwenye vifundo. Napita nikiita "Clotilde!" Leo wamejitokeza Clotilde watatu. Mmoja alikuwa bibi wa miaka sabini. Aliniambia, "Kama hukumupata, mi niko."

Nilimshukuru. Nilifika nje ya kambi kabla ya kulia.

16 Desemba

Mvua usiku kucha. Uji anaukataa. Nampelekea kikombe kwa mkono wangu wa kuume, kwa heshima, mahali alipo mkono wake wa kuume, hata hakigusi. Amida anasema labda ana hasira. Namlisha kwa kijiko. Anakula kama mtu anayemeza deni la mwingine, macho ukutani.

Ninajua hasira yake ni ya nini. Alisema kichwa kinamuuma, nikamfanyia mzaha.

19 Desemba

Milio imepungua. Mchana Albertine aliinua mkono wa kushoto akapapasa ukuta mpaka akalifikia fungu la samaki la Mwansa. Akalipiga. Likazunguka kwenye msumari. Akalipiga tena.

Nilifurahi kama mpumbavu. Njaa! Njaa ni dalili njema. Nililishusha, nikaloweka, nikapika na nyanya na kitunguu cha mwisho. Aliponusa alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia, akafunga meno. Nikala mwenyewe. Sikufungua dirisha.

21 Desemba

Kambini. Hakuna.

22 Desemba

Kambini. Hakuna. Nimeuliza kwa masista wa misioni pia, hawajamwona.

25 Desemba

Noeli. Nilikuwa nasonga bukari, nikasikia mtu anaimba sokoni. Lakini soko limefungwa. Nikageuka. Ni Albertine.

"Ya Kasenga, ya kukauka, mama kuya uone!"

Maneno yote. Safi, kama siku za soko. Nilidondosha mwiko. Nikamkimbilia, nikamuuliza, Clotilde iko wapi? "Ta. Ta." Nikamwambia aimbe tena. "Ya Kasenga, ya kukauka, mama kuya uone!" Kisha ule ubeti wa pili, ambao huuimba samaki wakiwa bora: "Ya kwa Mwansa, haina mchanga!" Akauimba mara nne, kila mara kwa nguvu zaidi, jasho likimtoka.

Daftari halisemi kitu juu ya nyimbo. Nadhani nyimbo zinakaa chumba kingine, mwizi hakukifikia. Nilimsifu. Nilimpigia makofi, Mungu anisamehe, kama unavyompigia kasuku. Akageuza uso ukutani, akalia.

26 Desemba

Anaimba wimbo wa samaki kutwa. Kasimu anasema walau nyumba ina sauti. Mimi nilimwomba aimbe za kanisa.

31 Desemba

Kambini, mtu ameniambia kulikuwa na wasichana wawili waliokufa kwa kuhara wiki iliyopita, umri huo, hakuna aliyejua majina. Walikwisha kuzikwa. Nilikaa kwenye tope. Kisha niliuliza walivaa nini. Hakumbuki. Mimi pia sijui Clotilde alivaa nini. Hicho ndicho kilichonikalisha tena.

3 Januari 1962

Mvua. Bati limeshindwa kabisa. Maji yanamdondokea Albertine mguuni.

4 Januari

Nimekwenda kuangalia makaburi yale ya kambini. Vijiti viwili. Nimekaa hapo hadi mchungaji mmoja akaniuliza ni yupi wangu. Nilimwambia sijui, nimekuja kuwakalia wote wawili.

6 Januari

Siku ya leo naiandika polepole, nisiiharibu.

Asubuhi mvua ilishuka kama ndoo. Kasimu alikuja na kipande cha bati na misumari, akatazama juu, akasema, "Bwana, kwanza tumusogeze. Maji itamuua mbele ya mimi kufika pale."

Kitanda chetu, upande wa kushoto kimeegemea ukuta tangu tulipokinunua. Tulikivuta katikati ya chumba, Albertine akiwa juu yake. Kasimu akabaki ule upande wa ukutani, amebanwa kati ya kitanda na matofali, mimi upande wangu wa siku zote. Amida alileta chai. Kasimu, bila kujikumbuka, akampa Albertine kikombe kwa mkono wa kushoto.

Nilifungua kinywa nimtanie.

Albertine alikipokea.

Alikipokea! Kwa mkono wake wa kushoto, mwenyewe, bila kuelekezwa, akakipeleka kinywani. Siku ishirini na nane amekataa kikombe changu, na sasa anakunywa chai ya fundi kwa mkono wa wasio na adabu.

"Kasimu," nikasema, "toa hicho kikombe. Mupatie kule."

"Kule wapi?"

"Kwa kuume."

Alinyoosha kikombe upande wa kuume. Albertine hakukiona. Macho yake hayakukataa, hayakukiona. Kasimu akakirudisha kushoto, macho yakakipokea.

Nikakaa sakafuni. Ule ukurasa uliofungia samaki, nilikumbuka neno lake moja: nusu. Kisogo cha kushoto kinaona nusu ya kuume ya dunia. Kwa macho yote mawili. Mwizi aliichukua nusu hiyo pia. Kwa mke wangu upande wa kuume haupo, hauna hata giza. Nami kwa heshima zangu zote nilikuwa nimeketi humo mwezi mzima na picha, na kikombe, na uso wangu. Hakuwa amenigeuzia mgongo. Alikuwa ananitafuta ukutani.

Kasimu aliniinua. "Sasa njo unalia nini? Leta picha!"

Nilizunguka kitanda. Nikasimama kushoto kwake. Albertine aliniona, na uso wake, ule upande unaosogea, ulifanya kitu ambacho sitakiandika. Nilishika picha. Aligusa paji la Clotilde kwa kidole.

"Iko wapi?"

Kidole kilitoka kwenye picha kikaenda ukutani. Kwenye msumari. Msumari mtupu.

"Samaki imeisha, mama Clotilde," nikasema. "Niliikula mi mwenyewe..."

Nikasikia nilichokuwa nikisema.

Albertine akaimba, taratibu, kama unavyomfundisha mtoto mzito wa kuelewa: "Ya kwa Mwansa."

"Clotilde iko kwa Mwansa?"

Alifumba macho, akayafumbua. Mkono wake ukanipiga kifuani, mara moja, si kwa upole. Nimestahili.

Alinijibu tangu tarehe kumi na tisa. Alinipa jibu mkononi nikalipika na nyanya. Aliniimbia jibu nikampigia makofi. Mahali pekee ambapo sikufikiri ni kwa yule mama niliyemfukuza.

8 Januari

Kasenga ni safari ya siku nzima, na mimi sipiti hata barrage ya kwanza, kizuizi cha askari. Jina langu ni tiketi ya kushukia. Kasimu anakwenda. Sikumwomba. Alifunga cherehani yake kwa kitambaa, akasema kwamba Kasenga kuna watu wanahitaji kanzu.

"Na ukirudi," nikamwambia, "nitakula na mkono wa kushoto maisha yangu yote."

"Apana. Ukule na kuume. Ila mi uniache."

9 Januari

Mvua.

11 Januari

Nimehama. Nalala na kuketi kushoto. Mdomo wa Albertine unajaribu maneno nikimwimbia kwanza. Leo, kwa wimbo wa samaki, tumeimba "nipe maji". Ana homa lakini. Kifua kinakoroma upande mmoja, pumzi zake ni fupi, nazihesabu. Shina la ubongo halichoki, daftari linasema. Daftari langu nalijua.

13 Januari

Kasimu hajarudi. Amida ananiletea sombe, majani ya muhogo, na kusimama mlangoni akitazama barabara. Nimemtuma mume wake kwa ajili ya mtoto wangu. Sina mzaha wa kumpa.

14 Januari

Hajarudi. Pumzi arobaini kwa dakika. Penisilini ya dispansari imebaki ya siku mbili.

16 Januari

Amerudi.

Amerudi mchana, juu ya lori la samaki, ananuka kuliko Mwansa, jicho moja limevimba. Kwenye barrage walimuuliza anatafuta nini, akasema wateja, hawakupenda jibu. Amida alimpiga kwa kitambaa cha kichwa, kisha akamshika asimwache.

"Mutoto?" nikamuuliza.

"Iko muzima." Aliketi kwanza. "Siku ya tatu ya vita Mwansa alipita hapa na kamio ya samaki, anarudi kwao. Mama Clotilde njo alimubembeleza amubebe mutoto. Alimupandisha, akarudi ndani. Kumbe njo pale akaanguka. Sasa beko ngambo ya muto Luapula, ku inchi ya Waingereza. Sikuweza kumuleta, Paulin. Kwa ile barrage, na jina yake... Mwansa alikataa. Alisema nimuambie baba yake: kwangu kunanuka, lakini hakuna muntu anakuja kutafuta mutoto mule."

Akanipa barua iliyokunjwa ndani ya jani. Ni mwandiko wake. Mistari inapanda kama kawaida.

Nilizunguka kitanda. Albertine alikuwa amefumba macho, midomo mikavu, kifua kinafanya kazi ya watu watatu. Nikamwita kwa wimbo. Akafumbua. Nikamsomea:

"Mama na baba, jambo sana. Niko muzima. Mama Mwansa ananifundisha kupasua samaki, anasema mikono yangu ni ya infirmier, haina nguvu. Nalala na watoto wake wane. Nilisikia mama anagonjwa, bwana Kasimu ameniambia. Mama, kila siku naimba ile ya soko, watu wa hapa wanacheka sababu ya sauti. Baba, siku ukikuja kunichukua, usifunge dirisha. Clotilde."

Sikujua kama amesikia yote. Nikamwonyesha barua, kushoto kwake, kwa mkono wangu wa kushoto. Nimejifunza.

Hakuipokea. Alitazama mkono wangu kama anavyomtazama mteja asiye na adabu. Kisha akapeleka mkono wake mzima upande ule asiouona, akapapasa shuka, akaupata ule mkono uliokufa, akaunyanyua kwa kifundo. Ulikuwa mzito, ulimponyoka, akaunyanyua tena mpaka akauleta mbele yangu, kiganja wazi.

Nikaihamisha barua kwenye mkono wangu wa kuume, nikampa.